Kuhamia diski kubwa: ya kujua kabla hujashika bisibisi

Anayeanza kazi hii ya kuhamisha kompyuta kwenda diski kubwa, swali lake la kwanza huwa ni programu gani inanakili diski vizuri. Jibu lake ni fupi. Clonezilla ni ya bure na inatosha, na kampuni nyingi zinazotengeneza SSD (diski zisizo na sahani zinazozunguka) zinatoa ya kwao bila malipo. Kunakili kwenyewe ni kubonyeza na kusubiri. Fundi na mbahatishaji wanaachana kabla ya kubonyeza, na tena pale mashine inapowashwa kwa mara ya kwanza.

Fungua mashine kabla hujanunua chochote. SSD za M.2, zile bapa kama kijiti, zinafanana sana kwa sura, lakini nyingine ni za SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) na nyingine ni za NVMe (njia mpya, yenye kasi zaidi), na sloti ya mashine huenda inakubali aina moja tu. Ile namba 2280 inayotajwa kwenye M.2 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Pima nafasi, usikisie. Kuna laptopu ambazo diski yake imechomelewa kwenye ubao, na hapo safari imeishia, mwambie mwenyewe mapema.

Kisha pima afya ya diski ya zamani kwa kusoma taarifa zake za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Ikiwa ina sekta mbovu zinazoongezeka, acha habari ya kunakili mfumo mzima kwanza. Toa mafaili ya mtu, yaweke mahali pengine, ndipo ujaribu mengine. Hata kama ni nzima, bakapu ya mafaili inatangulia kila kitu. Hili halina mjadala.

Sasa tuje kwenye partisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa, maana hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge. Mgeni huona C na kudhani Windows yote imo humo. Fungua kisimamizi cha diski uangalie. Kwenye mashine ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta uliorithi BIOS) utakuta mwanzoni kuna partisheni ndogo yenye muundo wa FAT32, mara nyingi megabaiti 100 hivi, ambayo ndiyo yenye mafaili ya kuwashia. Halafu C. Halafu, mara nyingi mwishoni, partisheni ya marejesho. Ukinakili C peke yake, diski mpya itakuwa na data yote na haitawaka. Nakili diski nzima.

Ukinakili nzima linakuja jingine: nafasi mpya yote inakaa mwishoni, nyuma ya ile partisheni ya marejesho. Unabofya C ili uipanue, unakuta amri yenyewe imefifia, haibofyeki. Hakuna kilichoharibika. Windows hupanua C kuingia kwenye nafasi iliyo jirani yake upande wa kulia tu, na hapo katikati kuna ukuta. Tumia GParted, programu ya bure ya kupanga partisheni, kusogeza partisheni ya marejesho hadi mwisho kabisa, kisha rudi upanue C. Baadhi ya programu za kunakili hukupangia hili mwanzoni kabisa; ukiona chaguo hilo, litumie.

Kama diski ya zamani ina jedwali la MBR, ile ramani ya kizamani ya partisheni, na mpya inazidi terabaiti 2, sehemu inayozidi haitatumika mpaka uhamie GPT, ramani ya kisasa. Windows 10 na 11 zina mbr2gpt kwa kazi hiyo, ila ukishabadilisha ni lazima mashine iwashwe kwa UEFI. Kama ubao wake ni wa zamani na hauna UEFI, usithubutu.

BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data ya diski, nayo ina vituko vyake. Mashine nyingi za siku hizi zimefungwa nayo na mwenyewe hana habari. Pata ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujagusa chochote, kisha sitisha ulinzi kwa muda. Na unapozima ili unakili kwa Clonezilla, zima kabisa kwa amri ya shutdown /s /t 0, kwa sababu uzimaji wa kawaida wa Windows mara nyingi huiacha mashine nusu usingizini.

Wakati wa kuchagua diski inayotoka na inayopokea, usiamini majina kama sda na sdb. Yanaweza kubadilika kila ukiwasha. Soma modeli na namba ya mfululizo iliyoandikwa kwenye lebo. Ukigeuza mwelekeo, utanakili utupu juu ya kazi ya mtu.

Ikikamilika, zima na uichomoe diski ya zamani kabla hujawasha. Nakala ina vitambulisho vilevile vya ile ya kwanza, na zikiwa zote mbili ndani mashine inaweza kuwaka kwa mafaili ya diski ya zamani huku wewe ukishangilia mpya. Utaligundua siku utakapofuta ile ya zamani. Mimi siiti kazi imekwisha mpaka mashine iwake, izimwe, iwake tena, diski mpya ikiwa peke yake.

Ukitoka SATA kwenda NVMe ukakutana na kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, usikimbilie kuweka Windows upya. Mara nyingi draiva, programu inayoiwezesha Windows kuiongoza diski, haijazoea diski mpya. Kuiwasha mara moja katika hali salama (Safe Mode) huwa kunatosha.

Mteja atalalamika kuwa amenunua terabaiti 1 na anaona gigabaiti 931. Mweleze kwamba kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024, hakuna aliyeibiwa.

Diski ya zamani iweke kando wiki kadhaa bila kuigusa. Ukifika wakati wa kuifuta, kufomati kwa haraka hakutoshi, mafaili bado yanaokoleka. Ile ya sahani zinazozunguka ipitishie amri ya clean all ndani ya diskpart, chombo cha Windows cha kusimamia diski, na SSD ifute kwa amri yake ya ufutaji salama kutoka programu ya mtengenezaji au BIOS.