Kisu kiweke mbali na friza

SWALI: Fundi, hujambo? Friza yangu ni ya kusimama, ya droo tatu. Droo ya juu haitoki tena, imeshikwa na barafu. Shemeji ananiambia niibandue kwa kisu, mimi nimekataa, naye anasema naogopa bure. Halafu mwezi uliopita niliizima ikayeyuka yote, lakini haikufika wiki tatu barafu ikarudi vilevile, ikajaa kote, ingawa vitu vinaganda. Je, gesi imeanza kwisha?
Mama Wawili

JIBU: Sijambo, Mama Wawili. Umefanya vyema kukataa, na naomba umsomee shemeji jibu hili. Katika friza nyingi za droo, rafu zenyewe ndizo mabomba ya gesi, nayo ni membamba. Niliwahi kuletewa moja iliyotobolewa kwa ncha ya kisu, tundu dogo kama la sindano. Mwenyewe alisikia "shiii", akadhani ni barafu inapasuka, akaendelea kugonga. Kisha akaiwasha, ikanguruma siku mbili bila kugandisha chochote, huku ikivuta hewa na unyevu ndani ya mabomba. Hapo tundu lilikuwa kwenye rafu, nikaweza kuliziba. Likiwa kwenye bomba lililofichwa ndani ya ukuta, mara nyingi friza ndiyo basi tena. Na kama kibandiko cha nyuma kimeandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto: ukisikia mlio ule, fungua madirisha, usiwashe kitu.

Sasa fanya hivi. Chomoa plagi. Vyakula vya droo zinazotoka vifunge kwa magazeti na blanketi, vibanane pamoja. Acha mlango wazi, tandika matambara chini, kisha weka sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa kilichokunjwa, ndani, karibu na droo iliyokwama. Badilisha maji kila baada ya dakika 10 au 15. Droo usiivute kwa nguvu, kwani plastiki iliyopoa hivyo hupasuka upesi. Subiri. Barafu itaachia yenyewe na kuanguka mapande kwa mapande, uyaokote kwa mkono. Kikausha nywele sikipendi, maana umeme na maji yanayotiririka havikai pamoja.

Kabla ya kuwasha, kausha kila pembe, kwani maji utakayoyaacha ndiyo yatakayoganda kwanza. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu ndani unaweza kukigandisha tena. Kilicholainika lakini bado kina ubaridi wa friji, kipike siku hiyohiyo.

Kuhusu gesi, ondoa wasiwasi. Gesi haiishi kwa kutumika, inazunguka tu humo ndani, na haipungui pasipo mvujo. Ingekuwa imepungua ungeona barafu sehemu moja tu, na nyama ingebaki laini. Kwako imejaa kote na vitu vinaganda. Tatizo ni hewa yenye unyevu inayoingia, na mimi kwanza naushuku mpira wa mlango. Chukua kipande cha karatasi, kibane na mlango, kisha ukivute. Kikigoma, mpira umeshika. Kikiteleza, hapo ndipo hewa inapopita. Zunguka mlango mzima, hasa kwenye kona. Mara nyingi ni uchafu tu: osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ukiwa umejikunja, ukande kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ulainike. Ukiwa umechanika, ubadilishwe.

Angalia pia kama droo inaingia hadi mwisho. Ikibaki mbele kidogo tu, mlango haufungi hata kama mpira ni mpya. Na chakula kikiwa bado kinatoa mvuke usikitie humo, kwa sababu mvuke huo ndio unaogeuka barafu.

Baada ya hapo, usingoje droo ikwame. Barafu ikifika nusu sentimita, yeyusha. Ukishapima kwa karatasi, niandikie ni kona ipi iliyolegea, ya upande wa bawaba au wa mkono.