Maswali yenu kuhusu Mehboob Khan, mwenye Mother India

Majuzi niligusia Mother India, ile picha ya Kihindi ya mwaka 1957, na maswali yamemiminika. Nilidhani mtaulizia Nargis, nyota wa picha hiyo. Kumbe wengi mnamtaka Mehboob, mtayarishaji na mwongozaji wake, ambaye jina lake hutokea kabla hata hatujamwona steringi. Nimefurahi sana, kwa sababu mtu huyu nampenda.

Shikamoo. Nimesikia Mehboob hakusoma. Aliwezaje kuendesha kampuni ya filamu? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Kweli, hakupata shule ya kutajika. Alizaliwa mwaka 1907 huko Bilimora, mji mdogo wa Gujarat, akaenda Bombay kutafuta maisha kwenye sinema. Mwaka 1927 alipata nafasi kwenye filamu ya Alibaba, enzi za filamu zisizo na sauti: alikuwa mmoja tu wa wale wezi 40. Kazi akaisomea palepale, kwa kutazama wengine wakifanya. Mwaka 1935 akaongoza filamu yake ya kwanza, miaka ya 1940 akaanzisha kampuni yake, na mwaka 1954 akafungua studio Bandra, mtaa wa Bombay, ambayo ipo hadi leo.

Lakini swali lako lina kina kuliko unavyodhani. Itazame tena Mother India. Mama mkwe wa Radha, yule mama anayeigizwa na Nargis, amekopa rupia 500 kwa mkopeshaji Sukhilala ili amwoze mwanawe. Hajui kusoma, kwa hiyo kilichoandikwa anakijua mkopeshaji peke yake. Wazee wa kijiji wanapokaa kuamua, karatasi inalishinda neno la bibi, na tangu siku hiyo robo tatu ya mavuno inakwenda kulipa riba tu. Deni lenyewe halipungui hata rupia moja. Mume anapotea, watoto wanalala njaa, Radha anajifunga mwenyewe kwenye plau mahali pa ng'ombe, na bado lile daftari la madeni lipo. Birju, mwanawe mdogo, anakua akilichukia daftari kuliko anavyomchukia mwenyewe Sukhilala. Mimi naamini hofu hiyo, ya mtu kusimama mbele ya maandishi asiyoweza kuyasoma, Mehboob hakuitoa kwenye kitabu. Aliijua.

Mbona nembo ya kampuni yake ina nyundo na mundu? Alikuwa mkomunisti? (Msomaji, Mombasa)

Alikuwa Mwislamu mcha Mungu aliyekuwa upande wa wakulima na vibarua, na hakuona mgongano wowote hapo. Ukisikiliza vizuri, nembo hiyo huja na beti la Kiurdu lenye maana hii: adui akikutakia mabaya mara laki, litakalokuwa ni lile alilolipenda Mungu. Nyundo na mundu machoni, Mungu masikioni. Mother India ilipopelekwa Marekani kushindania Oscar, nembo iliondolewa, maana zama zile picha hiyo peke yake ingewatia watu kiwewe.

Hizi filamu ni za Kihindi au Kiurdu? Kila mtu anasema lake. (Msomaji, Unguja)

Ni za lugha ambayo ikisemwa sokoni huwezi kuitenganisha. Ikiandikwa ndipo inagawanyika, Kihindi kwa herufi za Devanagari, Kiurdu kwa herufi zilizotokana na za Kiarabu. Nyinyi wa Unguja hamhitaji maelezo marefu: utenzi uleule babu aliusoma kwa herufi za Kiarabu, mjukuu anausoma kwa za Kilatini. Walioandika maneno ya Mother India, Wajahat Mirza na Ali Raza, na mtunzi wa mashairi yake Shakeel Badayuni, walikuwa watu wa Kiurdu. Ndiyo maana sikio la Mswahili hudaka neno hapa na pale: dunia, wakati, hesabu, habari. Hata katika lile beti la nembo, laki ni laki yetu, na adui ameitwa muddai, ndugu wa mdai wetu. Si ajabu watunzi wa taarab wa Kihindi, marehemu Juma Bhalo wa Mombasa akiwa mbele, walizichukua tuni za filamu hizi wakazivika Kiswahili, zikakaa kama zilizaliwa pwani.

Ni kweli Oscar waliikosa kwa kura moja? (Msomaji, Dodoma)

Husemwa hivyo kila mahali. Lakini wenye tuzo hawatangazi hesabu za kura, kwa hiyo usiape. La hakika ni kwamba iliingia kwenye filamu tano za mwisho za lugha za kigeni mwaka 1958, ya kwanza kutoka India kufika hapo, ikashindwa na ya mwongozaji Fellini wa Italia.

Na ule moto wa kwenye Mother India? (Msomaji, Muscat)

Moto ulikuwa wa kweli. Walikuwa wakipiga picha Gujarat, majani makavu yamewashwa, moto ukawashinda na Nargis akazingirwa. Sunil Dutt, aliyekuwa akiigiza kama mwanawe, akaingia kumtoa na kuungua yeye mwenyewe. Machi 1958 wakaoana.

Je, alikufa kwa huzuni ya Nehru? (Msomaji, Kigoma)

Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, alifariki tarehe 27 Mei 1964, Mehboob kesho yake, kwa ugonjwa wa moyo. Alimpenda sana Nehru. Zaidi ya hapo siwezi kusema.

Nimeshaiona Mother India mara kumi. Nitazame ipi sasa? (Msomaji, Nairobi)

Aurat, ya mwaka 1940. Ni hadithi ileile, Mehboob aliitengeneza mara mbili. Haina rangi na sauti yake imechakaa, uvumilie. Radha wa humo ni Sardar Akhtar, aliyekuja kuwa mke wa Mehboob. Waigizaji wakubwa wote ni wengine, ila mmoja: mkopeshaji ni yuleyule, Kanhaiyalal. Ziweke hizo mbili jioni moja, umtazame usoni. Miaka 17 imepita kati ya filamu na filamu, wadeni wamebadilika, yeye bado anakuja mlangoni kudai.