Miaka mitatu juu ya jiwe

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Najifunza Kijapani peke yangu, huu ni mwezi wa nane. Nimekutana na methali "Ishi no ue ni mo san-nen", na kamusi inasema ni "hata juu ya jiwe, miaka mitatu". Mtu akae juu ya jiwe miaka mitatu anatafuta nini? Na je, ndiyo kusema nisikate tamaa, ingawa kanji, zile alama za maandishi ya Kijapani zenye maana kila moja, ninazozishika Jumatatu, Ijumaa zimeshanitoka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kamusi imekupa maneno, lakini haikukuambia kwamba jiwe hilo ni la baridi. Ukilikalia, mwanzoni linakunyang'anya joto lako. Usipoondoka, nalo hupata joto. Sehemu hiyo ya joto Wajapani hawaitamki, kama sisi tunavyosema "haba na haba" tukaishia hapo, na kila mtu ameelewa. Uzito umebebwa na kijineno "mo", yaani "hata": hata jiwe, sembuse kazi au somo. Miaka mitatu nayo si ya kuhesabu kwenye kalenda. Ni muda mrefu tu.

Nakuonya jambo moja, maana linaniuma. Japani methali hii huambiwa sana vijana wanaoanza kazi: kaa walau miaka mitatu. Ni wosia mzuri kwa anayechoka mapema. Kwa anayeonewa kazini hadi anaugua, ni ukatili kumwambia hivyo. Wajapani wenyewe wana methali nyingine, "Nigeru ga kachi", kukimbia ndiko kushinda. Jiwe hupata joto kwa kukaliwa. Moto haupoi kwa kukaliwa.

Lakini kanji hazikuonei, kwa hiyo wewe kaa.

Mimi zilinitoa machozi mbili: ya "matsu", kusubiri, na ya "motsu", kushika. Upande wa kulia zote zina alama ileile ya hekalu. Kushoto, kushika kuna mkono, kusubiri kuna alama ya mwendo. Matamshi nayo yanakaribiana. Nilizichanganya mwaka mzima. Nikidhani kitabu ndicho kibaya, nikanunua kingine, kisha kingine, na kila kipya nilianza ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nabadilisha mawe, kila moja naliacha likiwa bado baridi. Wajapani humwita mtu wa namna hiyo "mikka bōzu", mtawa wa siku tatu. Niliporudi kwenye kitabu changu cha kwanza, kilichokwisha chakaa, nikasoma mistari michache kila alfajiri, siku moja niliona kibao chenye "matsu" nikajua ni kusubiri kabla sijatafuta mkono wala hekalu.

Kusahau Ijumaa kusikutishe. Watoto wa Japani, waliozaliwa ndani ya lugha hiyo, hufundishwa kanji 1,026 kwa miaka yote 6 ya shule ya msingi, na orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Hata wao huziandika tena na tena katika madaftari ya miraba.

Jumatatu ijayo usiongeze kanji mpya hata moja. Chukua zilezile zilizokutoka Ijumaa, kwenye daftari lilelile, na Jumanne uzirudie kabla hujafungua kitabu.