Kupima presha mtaani: panga rufaa kabla ya kupanga meza

Baadhi ya vyuo vya jamii vya Marekani, vile vya miaka miwili, vina somo ambalo wanafunzi wa afya hujifunza kwa kuhudumia watu. Wakufunzi wengi huanza na kupima presha, na wana sababu nzuri: mashine si ghali, ujuzi unafundishika, na presha ya juu mara nyingi haina dalili. Lakini zoezi likipangwa ovyo, mtu huambiwa ana 168 kwa 102, hupewa kipeperushi, akarudi nyumbani na hofu tupu. Hiyo si huduma.

Anzeni na rufaa, yaani mahali pa kumtuma atakayekutwa na presha ya juu. Vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu haviruhusiwi kumfukuza mgonjwa kwa kukosa pesa. Ada hupunguzwa kulingana na kipato. Mwombeni msimamizi wa kituo cha karibu awatengee nafasi 4 au 5 ndani ya wiki mbili baada ya zoezi. Nafasi hizo zisipopatikana, ahirisheni tu.

Makaratasi nayo yana mwendo wake: mkataba kati ya chuo na mwenyeji wa zoezi, uthibitisho wa chanjo, kipimo cha TB. Muhula ukiwa wa wiki 16, yashughulikieni wiki ya kwanza, mpime wiki ya 7. Mkisubiri hadi wiki ya 10 kuanza makaratasi, hamtabaki na muda wa kufuatilia.

Siku yenyewe, adui ni haraka. Foleni ikirefuka, mtu huketi na mkono ukafungwa hapo hapo. Anatakiwa atulie dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kimya. Muulizeni kwanza kama anahitaji kwenda chooni, na kama amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita. Mazungumzo, miguu iliyopishanishwa na kibofu kilichojaa, kila kimoja hupandisha namba.

Wakati wa baridi angalieni nguo. Sweta iliyokunjwa hadi begani huubana mkono na kuharibu kipimo; ni bora avue mkono mmoja nyuma ya pazia. Kisha chukueni tepu, mpime mzunguko wa mkono wa juu. Sentimita 27 hadi 34, mkanda wa kawaida wa mashine, ule unaofungwa mkononi. 35 hadi 44, mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ambayo mtu hana, na ndilo kosa tunaloliona mara nyingi, kwa sababu mkanda mkubwa uliachwa chuoni.

Pimeni mara mbili, mkiacha dakika moja katikati, kisha chukueni wastani. Kila mtu atakula kama dakika 10, hivyo viti 4 kwa saa mbili haviwezi kuhudumia zaidi ya watu 48. Pangeni 40.

Mwanafunzi asimwambie mtu "una ugonjwa wa presha." Aseme: "Kipimo cha leo kiko juu, na hapa kuna nafasi yako ya kumwona daktari." Ikizidi 180 kwa 120, apumzike, apimwe tena. Kama ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi, upande mmoja umelegea au ulimi umekuwa mzito, pigeni 911, namba ya dharura ya Marekani, papo hapo. Kama hana dalili, mkufunzi ampigie simu mtoa huduma wa afya siku hiyo hiyo.

Mahali penye wakimbizi kutoka Congo, tafuteni mkalimani wa Kiswahili mapema, na mtoto wa familia asigeuzwe mkalimani. Wengi wao wataelewa haraka "tension" ya Kifaransa kuliko "presha."

Tafakari ya mwanafunzi kuhusu zoezi iandikwe ndani ya saa 48, na swali liwe la kubana. "Ulijisikiaje?" huleta kurasa za huruma. Jaribuni hili: ni nini kingemzuia mtu wa mwisho uliyempima asifike kliniki?

Baada ya wiki mbili, kiombeni kituo idadi ya waliofika, bila majina. Mkiwa mliwatuma 5 na akafika 1, somo la wiki hiyo limeshapatikana: fungueni ratiba ya basi na saa za kliniki, mzilinganishe na zamu za kazi za watu hao.