Mama Prufu Anajibu: Kosa Dagaa na Kosa Papa

*Shikamoo Mama Prufu. Mimi napokea wageni kwenye hoteli moja hapa Moshi. Juzi nilimwandikia mgeni barua pepe kwa Kiingereza, nikakosea herufi moja ya jina lake. Akanisahihisha kwa upole. Nami nikataka kumwomba radhi kwa Kiingereza kizito, nikaandika "I apologise for my terrible blunder". Dakika tano hazijaisha, akapiga simu kwa wasiwasi: je, chumba chake tumempa mtu mwingine? Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Kamusi yangu inasema neno hilo ni "kosa". Nimekosea wapi?* (Msomaji, Moshi)

Marahaba, mwanangu. Kamusi yako haikudanganya. Imekuambia ni samaki, haikukuambia kama ni dagaa au papa.

"Blunder" ni papa. Neno lenyewe ni jamaa ya neno la kale la watu wa Skandinavia la kufumba macho, na ukilisikia mwone mtu anatembea kafumba macho huku anaparamia vyombo vya watu. Mwaka 1854, kwenye vita vya Krimea, wapanda farasi wa Uingereza walipewa amri iliyovurugika huko Balaclava, wakaenda moja kwa moja mbele ya mizinga ya Warusi. Hiyo ndiyo blunder. Sasa wewe umekosea herufi moja, ukajitangaza kwa jina la msiba ule, tena ukaongeza "terrible" juu yake. Mgeni wa watu angelalaje?

Neno la kawaida, lisilotisha wala kudharau, ni "mistake". Nalo limetoka Skandinavia, na mwanzoni lilikuwa na maana ya kuchukua kitu kimakosa. Mimi hulikumbuka kila Ijumaa mume wangu anaporudi kutoka msikitini na ndala za mtu mwingine, moja ya bluu na moja ya kijani.

Lakini kwako wewe neno lilikuwa "typo". Ungeandika tu "Sorry about the typo", mgeni angetabasamu na mambo yakaisha. Ila ujue mpaka wake: "typo" ni kosa la kidole, unaijua herufi lakini umegusa nyingine. Kama hukujua jina lile linavyoandikwa, hiyo si typo, na kuiita hivyo ni kuvisingizia vidole.

Tena "typo" inaeleza kosa lilivyotokea, haisemi limeleta hasara gani. Hapo nina kidonda changu. Nilisoma prufu, yaani kurasa za kukaguliwa makosa kabla ya kuchapwa, miaka mingi kwenye gazeti moja nisilolitaja. Usiku mmoja kichwa cha habari kilitakiwa kisomeke "Mkuu wa wilaya afungua zahanati". Nilikipitisha mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili na kikombe cha kahawa mkononi, na asubuhi mji mzima ukasoma "Mkuu wa wilaya afunga zahanati". Herufi u moja tu! Dagaa kwa kuzaliwa, papa kufikia saa mbili asubuhi. Simu ya ofisini siku ile niliitazama kama nyoka.

Nilijipoza kwa kisa cha London cha mwaka 1631. Wapiga chapa wawili, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo katika Amri Kumi neno "not" lilianguka, Wakristo wakawa wameamriwa kuzini. Walitozwa faini ya pauni 300. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji hata kuangusha neno zima. Kwenye "Usizini" toa herufi mbili tu, s na i, usome kilichobaki. Tangu nilipoliona hilo, kila prufu ya dini niliisoma mara tatu.

*Mama, hapa Mombasa tukitazama mpira wa Uingereza, mtangazaji husema kipa amefanya "howler". Kaka yangu anasema ni sawa na "blooper", tena sawa na "gaffe". Tumebishana hadi chai ikapoa. Na je, sisi hatuna maneno yetu?* (Msomaji, Mombasa)

Pasheni chai kwanza. Kaka yako amevitia vyote chungu kimoja.

"Howl" ni kulia kama mbwa mwitu, na "howler" ni kosa lililo wazi kiasi kwamba linajipigia kelele lenyewe. Zamani walimu wa Uingereza waliyaita hivyo majibu ya ajabu ya mitihani. Kipa akitema mpira mwepesi ukaingia kwa kisigino chake, hakuna wa kuuliza kama ni kosa. "Blooper" inataka kamera au maikrofoni: msoma habari anayepiga chafya katikati ya jina la rais, mwigizaji anayecheka kwenye mazishi ya tamthilia. Bila ya kuwa hewani au kurekodiwa, umekosea tu kama sisi wengine.

"Gaffe" Waingereza waliichukua kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa neno hilohilo ni ule mti wenye kulabu wa kuvutia mashua. Ni kosa la adabu mbele za watu, na mara nyingi ulimi ndio mkosaji. Mshereheshaji wa harusi akimwita bibi harusi kwa jina la mchumba wa zamani wa bwana harusi, hiyo ni gaffe, na malipo yake sijui kama aliyapata. Wazee wetu walishalisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Maneno yetu tunayo, tena matamu. Anayeharibu shughuli nzima ameboronga. Fundi wa haraka haraka amelipua kazi, na hapo Kiingereza kina "botch", neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya kutia kiraka tu, hadi viraka vibovu vikaliharibia jina. Huku Dar es Salaam anayekosea Kiingereza mbele za watu "amechapia", na cha ajabu anayechapia Kiswahili hachekwi hata nusu yake. Hilo linaniudhi, lakini nafasi ya gazeti ni ndogo.

*Mama Prufu, niko Leicester. Jirani yangu alijikwaa kwenye ngazi, nikamwambia "Sorry!" Akanijibu kwamba si mimi niliyemwangusha. Nimeona haya.* (Msomaji, Uingereza)

Usione haya, binti yangu. Wewe ulimpa pole, yeye akasikia unakiri kosa. "Sorry" ya mtu anapojikwaa, kwao, husemwa na aliyemsukuma. "Pole" kamili hawana. Siku nyingine sema "Are you all right?", kisha inama umwokotee viazi vyake.