Mama anasahau tangu afanyiwe upasuaji wa moyo

SWALI: Mama ana miaka 54. Wiki sita zilizopita alibadilishiwa vali ya mitral (mlango mmojawapo wa damu ndani ya moyo) Kampala, akawekewa ya chuma. Usiku wa pili aliweweseka, akiona watu ukutani, hilo likaisha. Sasa hakumbuki kama amekunywa dawa, na chenji ya sokoni inamchanganya. Shangazi anataka tumpe vidonge vya usingizi. Akili itarudi? – Msomaji, Mbale

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Kuweweseka siku za mwanzo hutokea mara nyingi: moyo husimamishwa, mashine ikasukuma damu badala yake, na viputo vya hewa au vipande vidogo vya damu iliyoganda huweza kufika ubongoni. Ongezeni maumivu, dawa kali na kukosa usingizi. Usahaulifu unaobaki, kwa wengi hupungua ndani ya miezi mitatu hadi sita. Atembee kila siku, alale usiku, avae miwani yake kama anayo.

Kinachotutia wasiwasi ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda anayopewa mwenye vali ya chuma. Akiinywa mara mbili kwa kusahau, anaweza kuvuja damu. Akiiruka, damu inaweza kuganda kwenye vali na kuleta kiharusi. Mtu mmoja nyumbani ampe kidonge mkononi saa ileile kila jioni, amwone akimeza, kisha atie alama kwenye kalenda. Mkikumbuka siku hiyohiyo, apewe; ikishapita, msimpe viwili kesho yake. Kwa vali kama yake, INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani) kwa kawaida hulengwa kati ya 2.5 na 3.5. Mboga za majani kama dodo na sukuma wiki ale, ila kwa kiasi kisichobadilikabadilika, maana hugusa nguvu ya warfarini. Diklofenaki, ibuprofeni, Septrin na metronidazo asinunuliwe bila daktari wake kujua, maana zikichanganyika na warfarini huongeza hatari ya kuvuja damu.

Vidonge vya usingizi hapana, tunawasihi. Diazepamu huzidisha kuchanganyikiwa na humwangusha mgonjwa, na kichwa kikigonga sakafu akiwa kwenye warfarini, damu huweza kuvuja ndani polepole kwa siku kadhaa. Akigonga kichwa, hata akisema yuko sawa, apelekwe kupigwa picha ya CT, inayoonyesha ndani ya kichwa.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, andikeni saa ilipoanza, chukueni daftari lake la INR, mwende hospitali yenye CT papo hapo. Aspirini msimpe njiani. Na akipata homa, asianzishiwe antibiotiki za dukani: damu ioteshwe kwanza maabara, maana huenda vijidudu vimeshika vali.