Lenzi ni nusu tu ya jambo

Umeuliza kama kila mtu akipewa lenzi ileile ataona dunia ileile. Hapana, na mfano ninaoupenda ni wa mwezi. Mwaka 1609 Mwingereza Thomas Harriot aliuelekezea darubini miezi kadhaa kabla ya Galileo, mwanaanga wa Italia. Mchoro wake una mstari uliokwaruzika kati ya mwanga na giza, na madoa machache, basi. Galileo, aliyekuwa na mafunzo ya kuchora na kujua kivuli huangukaje, aliona milima na mabonde. Ni kweli darubini yake ilikuza zaidi, lakini sidhani hilo linatosha kueleza tofauti yote. Kinachonigusa ni kilichofuata: baada ya kitabu cha Galileo kutoka mwaka 1610, michoro ya Harriot nayo ikaanza kuonyesha mashimo. Mwezi haukuwa umebadilika hata kidogo!

Ndiyo maana nasema imani, lugha na kazi ya mtu ni lenzi pia, tena ngumu kuliko za kioo, kwa sababu hutambui kama umezivaa. Mwanasheria na daktari wakisimama mbele ya ajali moja, kila mmoja ataanza kutazama mahali tofauti.